Uso wa Jabiri

Chausiku binti Mkumba aliamkia watu wote. Hilo ndilo jambo la kwanza wanalolisema watu wa Temeke ya zamani wakitajiwa jina lake. Aliwaamkia wazee, aliwaamkia vijana ambao wao ndio walipaswa kumwamkia, aliwaamkia wachuuzi wa samaki na watoto wa chuoni wenye mbao za kuandikia Kurani mikononi. Mtoto wa miaka sita akipita na ndoo kichwani, Chausiku alimwambia shikamoo, na mtoto alikimbilia kwao akicheka, maji yakimwagika. Majirani wakasema yule angemwamkia hata mbuzi, mradi mbuzi asimame vizuri.

Mbuzi aliwatambua. Mbuzi wana rangi na pembe. Watu ndio waliomshinda.

Alizaliwa Mbagala, Mjerumani ameshaondoka na Mwingereza bado anajifunza njia za mashambani. Tangu utoto, uso wa mtu haukukaa kichwani mwake. Aliuona: macho mawili, pua, mdomo, kovu kama lipo. Akigeuka upande, umekwenda. Shangazi yake aliyemlea akibadili khanga na kufunga kilemba kwa namna nyingine, alikuwa mgeni mpaka afungue kinywa. Mara moja alimpita bibi yake mzaa mama kisimani bila salamu, akachapwa kwa kiburi. Alipompita mara ya pili akapelekwa kwa mganga, akatiwa dawa ya macho iliyomwasha usiku kucha, ilhali mtoto yule aliweza kutunga uzi kwenye sindano akiwa kivulini. Hakuna aliyemwuliza anaona nini. Mtoto asiyesalimia hana adabu, na dawa ya kukosa adabu inajulikana.

Kwa hiyo akajifunza kuiba. Aliiba mwendo wa mtu, sauti yake, harufu ya mafuta yake, jinsi anavyobeba kikapu. Na palipokosekana cha kuiba, akatoa shikamoo. Shikamoo aliyopewa mtoto ni kicheko cha siku moja. Aliyonyimwa mzee ni aibu ya ukoo mzima. Aliipiga hesabu hiyo akiwa mdogo na akaishi nayo. Wako waliomwona mnyenyekevu kuliko wanawake wote wa Temeke, na wako walioapa kwamba ana maringo, na wote walikuwa wanamzungumzia mtu yule yule.

Siku hizi wanaosoma ubongo wanalo la kusema juu ya jambo hili. Wanasema iko sehemu ndogo upande wa chini wa ubongo, kwa watu wengi mkono wa kulia, nyuma kidogo ya sikio, ambayo kazi yake ni kuushika uso mzima kwa mara moja, kama msomaji anavyolishika neno bila kupita herufi moja moja. Wapo wanaozaliwa na sehemu hiyo haifanyi kazi yake. Macho yao ni mazima, akili yao ni nzima, lakini kila uso kwao ni herufi zilizomwagika sakafuni. Na wanasema kwamba hasira, hofu na majonzi ya uso hupita njia nyingine humo kichwani, na njia hiyo yaweza kuwa wazi kabisa huku ile ya kwanza imeziba. Chausiku alikufa bila kuyasikia hayo. Lakini ndivyo alivyokuwa: aliiona huzuni bila kumjua mwenye huzuni. Kisimani aliweza kumshika mkono mwanamke asiyemtambua na kumwuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyemuumiza. Mwanamke alilia, akatua mzigo wake wa moyoni, kisha akaenda kusimulia kwamba Chausiku kajifanya hamjui, ilhali ni binti wa mjomba wake.

Aliolewa na Jabiri, kuli wa bandarini, aliyekuwa akichechemea mguu wa kushoto tangu mzigo ulipomwangukia gatini. Chausiku alimpenda kwa mambo mengi, na mguu ule ulikuwa mojawapo. Aliweza kumjua mumewe kutoka mwisho wa mtaa.

Jabiri aligundua siku ya Idi. Alikuwa amesimama na wenzake kwa muuza sambusa, amevaa kanzu mpya na tarbushi ya kuazima, ametulia tuli kama mtu anayetaka kupigwa picha. Chausiku alipopita na kikapu, Jabiri akakishika kwa mchezo. Mkewe alimtazama usoni, karibu kabisa, akamwambia akiachie mara moja kwani ana mume, na mumewe ana mikono mizito. Wenzake Jabiri walicheka mpaka wakashika magoti. Jabiri naye alianza kucheka, kisha akaona kwamba mwanamke yule anamwogopa.

Nyumbani Chausiku alimweleza yote. Hakuwa amemweleza mtu kabla ya hapo. Jabiri alisikiliza akitazama taa, hakusema pole wala hakutaja mganga. Kesho yake aliporudi kazini, alisimama mlangoni, akakohoa kidogo, kikohozi kikavu cha kusafisha koo, akasema: "Ni mie." Ndipo akaingia. Alifanya hivyo kila siku ya ndoa yao. Ikawa mazoea hata akawa anakohoa akiingia msikitini, anakohoa akipanda ngazi ya meli, na makuli wenzake wakamletea tangawizi kwa huruma ya kifua chake. Naye akaila tangawizi yao, akanyamaza.

Walipata mtoto mmoja, msichana, wakamwita Tabu. Chausiku alimjua mwanawe kwa yote ambayo mama hujua, ila uso. Watu walipomwambia mtoto huyu ni Jabiri mtupu, aliitikia ndiyo, kama kiziwi anavyoitikia ngoma kwa kuwatazama wachezaji.

Jabiri alikufa kwa homa, wakati wa masika, mwaka mmoja au miwili baada ya serikali kuanza kuipima Temeke viwanja na kuinyoosha mitaa yake. Akazikwa siku ileile.

Wazaramo, watu wa Jabiri, na Wanyamwezi ni watani, wenye ruhusa ya kufanyiana mzaha hata makaburini, na msiba bila mtani haujakamilika. Mtani wa Jabiri alikuwa Polikarpo, Mnyamwezi wa Tabora, kuli mwenzake, Mkristo mwenye rozari shingoni. Alifanya kazi ya mtani ipasavyo. Makaburini alishuka ndani ya kaburi akalala, akadai nafasi hiyo aliiweka yeye zamani na hatoki mpaka apewe kuku. Akapewa kuku. Kisha siku ya kuanua matanga akaja na kubwa zaidi. Alichukua koti la kaki la marehemu lililokuwa limetundikwa barazani, akavaa kofia yake ya kiua, akaingia uani akichechemea mguu wa kushoto, akimlaani msimamizi wa gati, akiuliza wali wa nazi umekwenda wapi na ni nani aliyekalia kiti chake. Ilikuwa sauti ya Jabiri. Watu walicheka hadi machozi, na yalikuwa machozi yaliyokuwa yakihitaji mlango wa kutokea. Hata Bi Somoe, mama wa marehemu, alificha mdomo kwa khanga akacheka.

Polikarpo akafika mpaka mlango wa chumba alimokuwa mjane. Na kwa kuwa alimwona mwenzake akifanya hivyo miaka yote, bila kujua kwa nini, akasimama kizingitini, akakohoa, akasema: "Ni mie."

Chausiku alikuwa kwenye mkeka, amejiinamia, amechoka uchovu wa siku zile. Aliinua kichwa. Aliona koti, akaona kofia, akaona mguu. Akasimama.

"Karibu, baba Tabu," alisema. "Leo wamewaachia mapema. Maji yako tayari."

Akanyoosha mikono kumvua koti. Wanawake wakaangua kicheko kikubwa kuliko vyote: mjane huyu naye ni mtani, kamweza Mnyamwezi. Polikarpo alikuwa wa kwanza kuacha kucheka. Chausiku alikuwa ameshika kifundo cha mkono wake, na kifundo hakikuwa chenyewe, na sasa alikuwa anautafuta uso wa mtu aliye mbele yake kama mtu anayepapasa gizani. Kisha akakaa chini palepale kizingitini.

Polikarpo alivua koti akaliweka magotini pa mjane. "Nisamehe, shemeji," alisema. Mtani haombi radhi msibani. Hiyo ndiyo sheria ya utani. Watu walipomsikia anaomba, kicheko kilikatika uani pote.

Sadallah, kaka mkubwa wa Jabiri, fundi cherehani wa Keko, alilisema jambo lile jioni ileile mbele ya wanaume barazani. Hakusema kwa ukali. Alisema kwamba Mnyamwezi yule ni mweusi kuliko marehemu, mrefu kuliko marehemu, na pua zao ni mbalimbali; mtoto anayetambaa angewatofautisha. Mke aliyelala na mtu miaka yote hiyo naye hakuwatofautisha. "Asiyemjua mumewe," alisema, "atamjuaje mwanawe?" Akasema ni wazimu au ni pepo, na vyovyote iwavyo mtoto wa kike hakai humo. Wangengoja mjane amalize eda, kwa heshima, kisha mtoto aende Keko kwa bibi yake.

Chausiku alikaa eda akijua hivyo. Tabu alilala ubavuni pake kila siku, naye alikuwa akimpapasa masikio, mabega na nyayo, kama mtu anayehifadhi kitu kwa moyo.

Eda ilipokwisha, Sadallah alipeleka shauri kwa jumbe, mkuu wa mtaa. Jumbe alikuwa mtu wa taratibu, asiyependa kelele, naye aliona njia fupi: akasema wakusanywe wasichana wa kimo cha Tabu, wafunikwe ushungi wa aina moja, wasimame kimya, na mama amchague wake. Akimjua, basi. Asipomjua, mtoto aende.

Siku moja kabla, Polikarpo alikuja. Alisimama nje, akataja jina lake pasipo kuambiwa, kwani tangu msibani alikuwa ameyafikiria yale mpaka akaelewa kwamba mjane hazijui nyuso. Alikuwa na mpango. Angemfunga Tabu uzi mwekundu kwenye kidole cha mguu, au angemfundisha mtoto apige chafya. Jumbe haoni mbali. Alisema amelikosea kaburi la rafiki yake na anataka kulilipa.

Chausiku alimshukuru, akamkatalia. Polikarpo akadhani anaogopa, akaanza kumhakikishia kwamba chafya si dhambi hata kwa Wakristo.

"Sikiliza, mtani," Chausiku alisema. "Nimeishi kwa wizi. Naiba sauti za watu, naiba miguu yao, naamkia vitoto nisije nikatukanwa. Kesho siibi."

Polikarpo aliuliza atafanya nini basi.

Watu walijaa uani kwa jumbe kana kwamba kuna harusi. Jumbe alikaa kwenye kiti cha mikono, pembeni yake mwalimu wa chuo, mzee aliyewafundisha Kurani nusu ya watu waliokuwepo. Sadallah alisimama na wenzake. Bi Somoe alikaa mkekani na wanawake, mikono imelala magotini. Wasichana walitolewa nyumba ya pili wakapangwa ukutani, ushungi mweusi umewafunika mpaka nyusi, wengine wakizuia kicheko, mmoja akitetemeka mdomo.

Ukweli ni kwamba Chausiku alimjua mwanawe mara moja. Kidole gumba cha mguu wa kulia cha Tabu kilikaa upande, na mtoto yule tangu aanze kusimama aliegemeza uzito kwenye kisigino. Alikuwa wa tatu kutoka mlangoni. Ingetosha kunyoosha mkono.

Akafunga mikono kifuani.

"Haya, mama," jumbe alisema. "Chagua."

"Sichagui."

Minong'ono ikapita uani. Jumbe akadhani hakusikia vizuri, akamweleza tena kwamba jambo lenyewe ni jepesi, amguse tu mtoto wake begani. Sadallah akamwambia mwalimu, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba wameona wenyewe, hamjui mwanawe.

"Nyuso sizijui," Chausiku alisema. Alisema kwa sauti ileile ya kawaida ambayo watu hutumia kusema hawali pweza. "Sikuzijua tangu nizaliwe. Wewe jumbe sikujui kwa uso. Shemeji namjua kwa mafuta ya cherehani. Nyie nyote mnaonicheka kwa shikamoo, nilikuwa nawaamkia kwa kuwa siwajui, na nimechoka. Leo ndiyo mwisho."

Kulikuwa na watu pale waliokumbuka ya kisimani, na waliokumbuka ya sokoni, na kila mmoja alikuwa akikipindua kisa chake upande wa pili.

Sadallah alisema: basi amekiri. Shauri limekwisha.

"Halijaanza," Chausiku alisema. "Binti Kondo wa Mtoni hana macho yote mawili. Kalea watoto wanne, na mmoja ndiye aliyekutilia maji ya udhu asubuhi, mwalimu. Nani alimpangia watoto ukutani? Nani alimwambia achague?"

Mwalimu akapangusa ndevu. Sadallah akajibu kwamba kipofu ni kipofu, Mungu kapenda, kila mtu anaona kuwa ni kipofu.

"Kwa hiyo kosa langu ni kwamba upofu wangu nyie hamkuuona," alisema Chausiku. "Nikichagua leo nikapatia, mtasema nimebahatisha, mtanipangia tena baada ya mfungo. Nikikosea, mtasema mwendawazimu. Mwanangu si mbuzi aliyepotea nimtambue kwa alama mbele ya jumbe. Mfunueni, mumrudishe, au mje mumtoe mikononi mwangu mbele za watu hawa, nimwone nani ataanza."

Hakuna aliyeanza. Na msichana wa tatu kutoka mlangoni, aliyekuwa ameambiwa asiseme wala asitikisike, alivua ushungi mwenyewe, akavuka ua, akamshika mamake khanga.

Hapo Bi Somoe alinyanyuka. Alikuwa mwanamke mzito, na kunyanyuka kwake kulichukua muda, na watu walimpisha. Alikwenda mpaka kwa mtoto akasimama mbele yake. Chausiku aliona mwanamke mzee mwenye khanga ya bluu, na hakumjua mpaka aliposema. Lakini uso aliuona kabla ya sauti, na kile kilichokuwa usoni hapakuwa na mwingine pale uani aliyekiona vile. Watu wengine waliona mama mkwe mkali anayekuja kudai haki. Chausiku aliona njaa.

"Mie sikusema una wazimu," Bi Somoe alisema. "Maneno hayo ni ya Sadallah. Mie nataka uso wa mwanangu. Sina picha yake. Uso wake umebaki huu tu, na uko kwako, na wewe huuoni. Unakaa nao nyumbani bure."

Chausiku akauliza uso huo uko wapi. Aliuliza kwa dhati, kama mtu anayeuliza njia. Bi Somoe akapiga magoti kwa taabu, akaweka kidole kwenye nyusi za mtoto, zinavyopanda mwishoni, akakiteremsha kwenye mdomo wa juu, akaonyesha kidevu. Hapa, alisema. Na hapa. Akicheka ndiye kabisa.

Chausiku aliinama akatazama pale kidole kilipopita. Aliona nyusi. Aliona mdomo. Alitazama mpaka macho yakamjaa maji, na Jabiri hakuwepo. Kikohozi alikuwa nacho, na mguu, na koti. Uso wa mumewe ulikuwa kitu cha watu wengine wote, wapita njia, makuli, hata Sadallah, ila yeye.

Akanyooka.

"Uso ni wako, mama," alisema. "Sikunyimi. Njoo kila siku uutazame mpaka ushibe. Mtoto ni wangu, hatoki. Na ukija, utataja jina lako mlangoni. Utalitaja wewe, atalitaja shemeji, atalitaja jumbe mwenyewe akija. Asiyejitaja simwitikii, na asinitukane njiani kwamba nina maringo."

Jumbe alimgeukia mwalimu. Mwalimu alisema kwamba sheria inauliza kama mama ana akili na anamtunza mtoto. Kuhusu nyuso hakumbuki kusoma kitu. Watu wakacheka kidogo, na Sadallah akatoka bila kuaga. Jumbe akasema wasichana wapewe chai.

Kesho yake alasiri Chausiku alikuwa uani akipeta mchele, Tabu akicheza na makumbi. Mtu akasimama mlangoni, akaziba mwanga. Chausiku hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Hodi," alisema mtu yule.

"Nani?"

Pumba zilipeperuka.

"Wanijua wewe."

"Sikujui."

Aliyekuwa mlangoni alihema, akaweka chini alichobeba. Sauti tayari ilikuwa imemtaja. Chausiku alimjua tangu hodi ya kwanza, na wote wawili walilifahamu hilo. Lakini ungo ulikuwa umesimama hewani, na haukushuka.

"Mie Somoe binti Mwinyikambi," alisema hatimaye. "Mama yake Jabiri."

"Shikamoo, mama. Karibu ndani."

"Marahaba."

Chausiku akaweka ungo chini, akamshika mwanawe mabega, akamgeuza uso kuelekea mwangani.